Okidi ndogo kwa nyumba saba: miche tuliyonunua Arusha na jinsi ilivyostawi Moshi

Tathmini hii inahusu miche 37 ya okidi za kimo kifupi ambayo kikundi chetu cha nyumba saba kilinunua kutoka kitalu kimoja nje kidogo ya jiji la Arusha kwa shilingi 875,000, yaani shilingi 125,000 kwa kila nyumba, ili kila mmoja wetu aitunze nyumbani kwake kwa masharti yaleyale na tuilinganishe mwezi hadi mwezi. Ninaandika baada ya miezi 18, kwa kuwa okidi ni mmea wa taratibu, na anayeutolea hukumu baada ya wiki sita huwa amehukumu sanduku la usafirishaji tu.

Mradi wenyewe ni rahisi kuueleza. Nyumba tatu ziko mjini Moshi, katika Majengo, Rau na Shanty Town. Nne ziko mlimani Kilimanjaro, mbili Marangu, moja Kibosho na moja Machame. Kila mwenye nyumba ana daftari ambamo huandika siku alizomwagilia, joto la mchana na la usiku, majani na mizizi mipya, na tarehe ya kila kikonyo cha maua kinapochomoza. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunakutana, madaftari yanafunguliwa mezani, na mimea inaletwa ili ionekane kwa macho. Kwa sababu hiyo ya mwisho, ufupi wa mmea kwetu ni sharti la kwanza: mmea unaofaa ni ule unaoweza kupakatwa kwenye daladala kutoka Marangu ukafika bila kuvunjika jani. Kutoka Majengo hadi Marangu Mtoni unapanda zaidi ya mita 500, na kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi katika kila mita 1,000, nyumba zetu zina hali ya hewa mbili zisizofanana ingawa sote tunauita mlima mmoja wa kwetu.

Kabla ya kununua tulijadiliana kwa zaidi ya mwezi mzima. Wapo waliotaka zile okidi kubwa za madukani ziitwazo Phalaenopsis, ambazo kwa kweli ni nzuri, lakini ni chotara wa vizazi vingi na muuzaji hawezi kukwambia wazazi wake ni nani, hivyo huwezi kujua mmea huo kwa asili umezoea nini. Mwenzetu mmoja wa Kibosho alipendekeza Ansellia africana, okidi ya Afrika yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia, ambayo inavumilia jua na ukame kuliko nyingi. Tukaiacha kwa sababu kichaka chake hupita urefu wa mita moja na chungu chake hakibebeki na mtu mmoja. Tulichokubaliana ni kununua spishi halisi badala ya chotara, kila mmea usiozidi urefu wa kiganja na vidole vyake, na miche yote iwe imezalishwa na binadamu, isiwe imeng'olewa porini.

Lipo jambo moja ambalo hatukulifikiria mapema, na ninaliweka hapa kwa sababu linaweza kumwokoa msomaji anayepanga mradi kama huu. Miche iliyotokana na mbegu za tunda moja ni ndugu, haifanani kabisa. Mmoja huwahi kutoa maua, mwingine huchelewa, na tofauti hiyo haihusiani na mtunzaji. Kwa hiyo ukimpa kila mtu mche mmoja tu, kisha wa Rau ukachanua na wa Majengo usichanue, huwezi kujua kama sababu ni nyumba au ni damu. Njia mojawapo ni kumpa kila mtu miche miwili, nasi tulifanya hivyo kwa aina mbili kuu, Aerangis na Phalaenopsis equestris, ingawa iliongeza gharama. Njia bora zaidi, kama nitakavyoeleza, ni kuchagua aina inayozaa watoto kutoka mmea mmoja.

Kati ya aina nne tulizonunua, miche ya Aerangis ilikuwa shilingi 30,000 kila mmoja, Phalaenopsis equestris shilingi 20,000, Dendrobium kingianum shilingi 15,000, na Leptotes bicolor shilingi 35,000. Kuna watu waliona bei hizi ni kubwa kwa mmea unaoenea kwenye kikombe cha chai. Mimi sioni hivyo. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na msituni haioti mpaka ikutane na kuvu anayeilisha. Mwaka 1922 mwanasayansi Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba mbegu hizo zinaweza kuoteshwa bila kuvu kwenye chakula chenye sukari ndani ya chupa isiyo na vijidudu, na mpaka leo miche mingi ya okidi duniani huzaliwa kwa njia hiyo, ikakaa chupani miezi mingi, ikatolewa, ikakuzwa tena miaka kadhaa kabla ya ua la kwanza. Shilingi 30,000 ni malipo ya muda huo wote.

Muuzaji alituambia kwamba alipokea chupa kutoka nje ya nchi na kuikuza miche mwenyewe chini ya neti ya kivuli. Tulimwomba karatasi, naye akatuonyesha kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea, bila kusita. Ninamsifu kwa hilo, kwa sababu Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina makao makuu yake hapo hapo Arusha na hakuna kisingizio cha mfanyabiashara wa mkoa huo kutokuijua. Okidi zote pia ziko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini, na miche michanga iliyo bado ndani ya chupa za maabara kwa kawaida imesamehewa masharti yake, jambo linaloeleza kwa nini wakuzaji waaminifu hupendelea kuagiza chupa.

Mzigo ulikuja kwa basi. Miche ilikuwa imetolewa kwenye vyungu, mizizi ikafungwa kwa gazeti lenye unyevu, kila mmoja ukapewa kibao chake cha plastiki, na yote ikapangwa kwenye maboksi mawili ya viatu yaliyotobolewa. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua anachokifanya. Boksi moja liliachwa juani stendi kwa muda, majani manne yakaungua ncha, lakini hilo si kosa la kitalu.

Aerangis luteoalba, ile ya aina ya rhodosticta, ndiyo iliyotufanya tuanze mradi. Ni okidi ya Afrika, inayopatikana kutoka Kamerun hadi Ethiopia na kushuka Kenya na Tanzania, kwenye vitawi vyembamba vya miti iliyo karibu na mito, katika mwinuko wa kama mita 1,250 hadi 2,200. Majani yake ni membamba, ya kijani kilichoiva, na mmea mzima unaenea mkononi. Kikonyo chake huinama kama upinde, kikabeba maua bapa meupe yenye rangi ya maziwa, yaliyopangwa safu mbili, na katikati ya kila ua kuna kinundu kimoja chekundu cha kuwaka. Sijui namna nyingine ya kulieleza isipokuwa kusema kwamba kila aliyelitazama kwa mara ya kwanza hapa nyumbani alinyoosha kidole akitaka kukigusa kinundu hicho.

Nyuma ya ua kuna mrija mwembamba wa nekta. Siku moja asubuhi niliinua kikonyo kwenye mwanga wa dirisha la jikoni, nikaona kupitia ngozi ya mrija kwamba nekta imetulia chini kabisa, mahali ambapo ni nondo mwenye ulimi mrefu tu anayeweza kuifikia. Nimeishi chini ya mlima huu maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu wa namna hii ni cha ukanda wetu wenyewe.

Hatukuipanda kwenye chungu. Tuliifunga kwa uzi laini wa kushonea kwenye vipande vya shina la mbuni mkongwe, kwa kuwa mti wa kahawa ni mgumu, hauozi upesi, na katika vihamba vyetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, haukosekani. Mizizi ikishika, uzi unaondolewa. Mizizi hiyo ndiyo mwalimu wa umwagiliaji. Inapokuwa mikavu ina rangi ya fedha iliyofifia, kwa sababu imevikwa tabaka la seli zilizokufa zinazonyonya maji kama sifongo. Tone likiigusa, kijani kinajitokeza palepale na kusambaa kando ya tone. Ikibaki ya kijani hadi saa sita mchana, usimwagilie tena siku hiyo. Ikirudi kuwa ya fedha kabla ya saa nne asubuhi, mmea una kiu au hewa ni kavu mno. Mwanakikundi wetu mkubwa kuliko wote, mwalimu mstaafu wa Rau, aliacha kabisa kutumia ratiba ya siku akawa anasoma mizizi, na mimea yake ndiyo iliyonawiri kuliko ya wengine wa mjini.

Matokeo ya Aerangis ni lazima niyatenganishe kwa mwinuko. Kati ya miche 14, mitatu haikuwa aina tuliyoilipia, na nitarudi kwenye jambo hilo. Ikabaki 11: saba mlimani na minne mjini. Saba ya mlimani iko hai yote, na mitano imechanua angalau mara moja. Kati ya minne ya mjini, miwili ilikufa katika Februari na Machi, wakati kipimajoto cha Majengo kilipofika nyuzi 34 mchana na hewa kukauka kabla ya masika. Mmoja unaishi bila kuchanua. Na mmoja, wa mwalimu wa Rau, ulichanua ukiwa umening'inizwa chini ya mparachichi, juu ya pipa la maji lililo wazi. Kwa hiyo siwezi kumshauri mtu wa Moshi mjini ainunue kama hana kivuli cha mti na unyevu wa kudumu. Kwa mtu wa Marangu, Kibosho, Machame, au wa Arusha kwenye miteremko ya Meru, sijaona okidi ndogo inayomfaa zaidi.

Sasa ile mitatu. Vibao vilisema luteoalba, lakini majani yalikuwa mapana kuelekea ncha na yenye rangi ya kijivu kidogo. Tulimwandikia muuzaji tukaeleza mashaka yetu, akajibu kwamba miche michanga hufanana na tungoje maua. Tulingoja. Mche mmoja ulipochanua, maua yalikuwa meupe matupu, mirija mirefu kupita kiasi, bila kinundu chekundu. Tukatuma picha. Alikubali kosa kwa mche huo na akatupa mwingine, akakataa kwa miwili iliyobaki kwa hoja kwamba haijachanua, ingawa majani yake ni yaleyale. Katika bustani ya kawaida mtu angefurahi kuwa na okidi ya ziada. Katika mradi wa kulinganisha, mche wenye jina lisilo lake unaharibu daftari zima, kwa sababu nyumba mbili zilitumia mwaka mmoja zikiandika habari za mmea ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Hili ndilo lawama langu kubwa kwa kitalu hiki, na ndilo linalonizuia kukipa sifa kamili.

Phalaenopsis equestris nilikuwa siitaki. Inatoka Ufilipino na Taiwan, maua yake ya waridi ni madogo, na nilidhani itakuwa picha iliyopunguzwa ya zile za madukani. Nilikosea. Miche 13 kati ya 14 iko hai. Sita ya mjini imechanua yote, na mmoja wa Majengo ulikaa na maua mfululizo tangu vuli mpaka karibu na masika, kikonyo kikirefuka na kufungua ua jingine kila lile la zamani lilipoanguka. Joto lililoua Aerangis halikuitisha hii, mradi tu isipigwe na jua la moja kwa moja. Mlimani ndiko ilikozubaa: kati ya minane mmoja ulioza moyo Marangu mwezi Julai, baada ya maji kulala katikati ya majani usiku ambao kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 12, na katika saba iliyobaki ni mitatu tu iliyochanua. Tuliipanda kwenye vyungu vya udongo vilivyotobolewa pembeni, ndani yake makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kulowekwa siku tatu ili chumvi itoke, yakachanganywa na vipande vya mkaa.

Fadhila yake kubwa kwa mradi wa pamoja ni kwamba inazaa. Kwenye vifundo vya kikonyo kilichomaliza maua huota mmea mdogo wenye majani na mizizi yake, ambao wakuzaji duniani wanauita keiki, neno la Kihawaii lenye maana ya mtoto. Kwetu hakuna haja ya kufafanua sana, kwani kila mtu aliyekulia kihambani anajua mgomba unavyotoa chipukizi na chipukizi kinavyohamishiwa kwa jirani. Mmea wa Majengo umetoa watoto wawili. Watoto hao ni mmea uleule wa mama, damu moja kabisa, na hapo ndipo lile tatizo la ndugu wasiofanana linapokwisha: wakigawiwa nyumba mbili, tofauti yoyote itakayoonekana itakuwa ya nyumba. Tumeamua kuacha watoto wafikishe mizizi mitatu yenye urefu wa kidole ndipo wakatwe, na kila kibao kiandikwe jina la nyumba ya mama.

Dendrobium kingianum ya Australia ni ya bei nafuu na haifi. Miche yote saba iko hai. Lakini kwao huota kwenye miamba yenye majira ya baridi, na bila usiku wa baridi na miezi ya kumwagiliwa kidogo haioni sababu ya kuchanua. Mjini imezaa vichipukizi tu, na mlimani mimea miwili kati ya minne ndiyo iliyotoa maua. Kwa anayeanza, kujifunza kwa mmea usiokufa ni jambo jema. Kwa anayetaka maua Moshi mjini, asiinunue.

Leptotes bicolor ya Brazili tulinunua miwili tu kwa majaribio, mmoja Shanty Town na mmoja Machame. Majani yake ni ya mviringo kama penseli fupi, na ule wa Machame umechanua maua meupe yenye doa la zambarau na harufu tamu. Huko kwao matunda yake yametumika kutia ladha kama vanila. Miche miwili haitoshi kutoa hukumu, ila ningependa tuiongeze.

Kuhusu huduma yenyewe: ujumbe ulijibiwa siku hiyohiyo au kesho yake, bei haikubadilika baada ya makubaliano, na karatasi ya maelekezo iliyokuja na mzigo iliandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kasoro ya karatasi hiyo ni kwamba ilisema "mwagilia mara mbili kwa wiki" kwa aina zote nne, mjini na mlimani, masika na kiangazi. Mtu akiifuata, mmea uliofungwa kwenye gome utakauka na ule wa chungu utaoza. Miche haikuwa na vidungata wala wadudu magamba, nasi tuliikagua kwa kioo cha kukuza, kila mmoja chini ya majani.

Niliwahi pia kusimama kwa muuzaji mwingine wa kando ya barabara, kabla hatujafika kitalu hiki, na ninalitaja kwa sababu vikundi vingi vitajaribiwa na bei yake. Aliuza okidi kwa shilingi 5,000, kubwa na zenye nguvu. Mizizi ilikuwa imechanika, vipande vya gome na kuvumwani, ule ukoga unaoota kwenye magome ya miti, bado vimegandamana nayo, majani ya chini yana makovu ya zamani ya wadudu, na zote zilikuwa zimefukiwa kwenye udongo mweusi ambao okidi ya mtini haiishi ndani yake. Hizo zilitolewa msituni. Tangu 2005 mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro unajumuisha msitu unaouzunguka mlima, na kung'oa mmea humo ni kosa. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, kikundi kinachokutana kila mwezi kuzihurumia okidi hakiwezi kulipa mtu azimalize kwenye miti. Tulirudi nyumbani bila kununua, na mwenzetu mmoja alisikitika njia nzima kwa ajili ya zile zilizobaki pale.

Agizo la pili tumeshaliweka kitalu kilekile, kwa masharti mapya yaliyoandikwa na kusainiwa: miche minane ya Aerangis kwa nyumba za mlimani pekee, kila mmoja ukiwa umeshachanua mara moja mbele ya muuzaji na picha ya ua kutumwa kabla ya malipo, na Leptotes nne, mbili mjini na mbili mlimani. Bei ya Aerangis iliyokwisha kuchanua ni shilingi 55,000, na wanachama wote saba wameikubali. Phalaenopsis equestris hatuagizi tena, kwa kuwa watoto wawili wa Majengo wana mizizi miwili kila mmoja, na wa tatu ameanza kuchungulia kwenye kikonyo cha Rau.